KOFIA NYEUPE SIYO KANISA
Juu ya roman za Kikristo za Waamish, na juu ya desturi zinazosimuliwa na watu wa inje



Tuseme wazi tangu mwanzo: karatasi hizi ni za ugomvi. Hatugombani na Neno la Mungu, wala na mtu anayependa kusoma hadithi ya mapendo jioni akiisha kazi. Tunagombana na namna moja ya kuandika: kuchukua desturi za watu, kuzipamba, kuziuza, na nyuma yake kusema, "Tumewaheshimu." Namna hiyo tunaijua vizuri. Ilitembea juu ya mgongo wetu miaka mingi. Leo inafanywa kwa watu weupe, wakulima, Wakristo, na watu wengi wenye masomo hawaitambui, juu kitabu ni safi, jalada lake linapendeza, na jina la Yesu liko ndani.

Tunasema juu ya riwaya za Kikristo za Marekani, zile tunazoziita roman kwa mazoea ya shule, na hasa zile za Waamish. Kila kitu kimo: mapendo, mashaka ya kushika roho, siri ya jamaa, kijiji cha zamani, kigari cha farasi, msichana mwenye kofia nyeupe. Mtu atatuuliza: "Chama cha utamaduni cha Kongo kinatafuta nini mu mambo ya wakulima wa Pennsylvania?" Swali ni zuri. Tuko na majibu matatu.

La kwanza: kazi yetu ni desturi, na mtu anayelinda desturi zake peke yake, za jirani akazichekelea, hajajua bado desturi ni nini. La pili: Waamish wako na ndugu huku kwetu. Wamennonite, watoto wa shina lilelile, walifika Kasai na Congo Inland Mission mwaka 1912, na leo waumini wao Kongo wanapita 200,000. La tatu, njo kubwa kupita yote: vijana wetu wanaandika na kucheza hadithi za Kikristo za mapendo na mashaka, na mfano uliosimama mbele ya macho yao unafanana sana na ule wa roman hizo.

1. Waamish ni watu gani, tukiondoa kofia

Shina lao ni Wakristo wa Ulaya ambao, kuanzia Zürich mwaka 1525, walisema kama mtoto mchanga hawezi kubatizwa, juu hajui anaahidi nini. Kwa neno hilo walitupwa mu maji, walichomwa moto, walifukuzwa mu inchi zao. Mwaka 1693 mzee mmoja wa kanisa, Jakob Ammann, alitengana na wenzake wa Uswisi na Alsace. Kisa kilikuwa nidhamu. Ammann alishika kama mtu aliyebatizwa mwenye kuvunja ahadi yake na kukataa kutubu lazima atengwe, hata mezani, mpaka arudi. Kutenga huko kunaitwa Meidung. Wafuasi wa Ammann njo walichukua jina la Waamish. Mu karne ya 18 walianza kuhamia Pennsylvania. Ulaya walikwisha: kanisa lao la mwisho liliungana na Wamennonite mwaka 1937. Lakini Amerika waliongezeka, na hesabu ya mwaka 2024 iliwakuta wamepita 400,000, karibu wote Marekani, na sehemu ndogo Kanada.

Nyumbani wanasema Kijerumani chao cha Pennsylvania. Ibadani wanasoma Kijerumani cha Biblia. Kiingereza ni cha shule na cha watu wa inje. Hawana jengo la kanisa: wanaabudu mu nyumba za waumini, Jumapili moja kila majuma mawili. Kanuni zao, Ordnung, mara nyingi haziandikwi. Zinajulikana, zinazungumzwa na ndugu wote, zinabadilika polepole. Watu wanadhani kama wanakataa mashine kwa ujinga. Siyo vile. Kila chombo kipya kinapofika, wanaulizana: hiki kitafanya nini na jamaa yetu? Kitatuleta mezani, ao kitatutawanya? Njo maana kuko mahali simu inakatazwa ndani ya nyumba na inakubaliwa mu kibanda kule inje, ili ifanye kazi bila kutawala mazungumzo ya watu.

Juu ya yote kuko neno wanaloliita Gelassenheit: kujishusha, kujiachilia, kuacha mapenzi yako yainame mbele ya Mungu na mbele ya ndugu. Mtu mwenye kusimama na kusema "mimi nimeokoka, mimi najua kabisa niko wa mbinguni" anawasikilikia kama mwenye kiburi. Wao wanasema wako na tumaini, na wanamwachia Mungu hukumu. Shule wanamaliza ku darasa la nane. Serikali ya jimbo la Wisconsin ilitaka kuwalazimisha kuendelea, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki Waamish. Kijana anapokuwa mkubwa anachagua mwenyewe kama atabatizwa. Walio wengi wanachagua kubaki.

Hao njo watu wenyewe. Sasa tutazame ginsi wanavyouzwa.

2. Roman hizi zilitoka wapi

Roman ya Kikristo ya mapendo siyo kitu cha jana. Mmarekani Grace Livingston Hill, aliyezaliwa 1865 na kufa 1947, aliandika zaidi ya vitabu mia moja vya namna hiyo. Lakini mlango mkubwa ulifunguliwa mwaka 1979, wakati Janette Oke, mwanamke wa Kanada, alipotoa Love Comes Softly kwa nyumba ya uchapaji ya Bethany House. Ni hadithi ya mjane kijana mu mbuga za magharibi, anayeolewa kwa lazima ya maisha na mwanaume mwenye mtoto, na mapendo yanakuja nyuma. Hakuna matusi, hakuna kitanda, sala ziko. Wachapaji wakaona kama kuko soko kubwa la wanawake Wakristo wenye kiu ya hadithi.

Mwaka 1997 Beverly Lewis, mzaliwa wa Lancaster mu Pennsylvania, alitoa The Shunning kwa nyumba hiyohiyo. Bibi yake mzaa mama alikuwa ameacha Wamennonite wa desturi ya zamani. Mwandishi mwenyewe siye Mwaamish. Msichana wa hadithi, Katie Lapp, analelewa mu jamaa ya Waamish, anapenda muziki unaokatazwa, anagundua siri ya kuzaliwa kwake, na anatengwa. Zaidi ya nakala milioni moja ziliuzwa. Nyuma yake wakaja waandishi wengi, Wanda Brunstetter na Cindy Woodsmall na wengine, wala hao siyo Waamish. Mu mwaka 2012 roman mpya ya Waamish ilitoka karibu kila siku nne. Mwandishi Valerie Weaver-Zercher, ambaye mwaka 2013 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili, ameonyesha kama biashara hiyo inakwenda kati ya Wakristo wa injili wenye kuandika na Wakristo wa injili wenye kusoma. Waamish wamesimama katikati kama picha ukutani.

Tufikiri kidogo. Watu mia nne elfu, kuhesabu na watoto wachanga, hawawezi kununua vitabu mamilioni. Vitabu hivyo haviandikwi kwa ajili yao. Vinaandikwa juu yao, kwa ajili ya watu wenye gari, televisheni na kompyuta, waliochoka na maisha ya mbio, wanaotaka kupumzika saa mbili mu kijiji kisicho chao, na nyuma ya saa mbili kurudi ku gari yao.

3. Uso ku jalada

Shitaka letu la kwanza ni jalada. Waamish wa desturi ya zamani hawapendi kupigwa picha wakisimama mbele ya kamera. Wanasema ni kiburi, na wanakumbuka amri ya kutofanya sanamu. Na kila roman iko na nini mbele? Uso wa msichana wa kofia nyeupe, ngozi laini, macho yanatazama mbali, shamba la ngano nyuma. Msichana huyo kwa kawaida si Mwaamish. Ni mtu wa kulipwa, aliyevalishwa nguo za wengine. Yaani kitu cha kwanza ambacho kitabu kinafanya, mbele hata ya kusema neno moja, ni kuvunja desturi kinayosema kinaipenda.

Sisi watu wa Kivu na Maniema tuko na mfano wake karibu. Kwa Walega, chama cha Bwami kilikuwa shule ya maisha. Kila sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, kila uso wa mti, ulikuwa na mezali yake, na mezali ilifundishwa kwa daraja yake, na mtu aliyeijua, mbele ya watu waliostahili. Utawala wa kikoloni ukapiga chama marufuku, na sanamu zikabebwa. Leo zinalala nyuma ya kioo mu nyumba za makumbusho za Ulaya na Amerika. Watu wanazitazama, wanasema "nzuri sana!" Ndiyo, ni nzuri. Lakini mezali imebaki wapi? Sanamu bila mezali yake ni kipande cha mfupa. Na kofia nyeupe bila ahadi ya ubatizo ni kipande cha kitambaa.

4. Desturi kama ukuta, kila siku ukuta

Shitaka la pili ni zito kupita. Hadithi ya mapendo inatafuta kizuizi. Bila kizuizi hakuna hadithi, kila mtambaji wa kwetu anajua. Mu roman hizi kizuizi ni nani? Karibu kila mara ni desturi yenyewe. Msichana anapenda kijana wa inje: Ordnung inakataa. Anapenda kuimba na gitaa: askofu anakataa. Anatafuta mama aliyemzaa: wazee wananyamaza. Msomaji anashikwa na mashaka, atatoka ama hatatoka? Na mara nyingi, siku anapofungua moyo, anagundua "wokovu wa binafsi" sawasawa na ule unaohubiriwa mu kanisa la mwandishi na la msomaji. Hapo Mwaamish anakuwa Mkristo kamili siku ile anapoanza kufikiri kama mtu asiye Mwaamish. Tunawauliza, ndugu wasomaji: hii tumeisikia wapi? Je, siyo ileile iliyofundishwa babu zetu, kama mtu anaanza kuwa mtu siku anapotupa vitu vya baba yake?

Tutazame hiyo Meidung, juu inaogopesha na inauza sana. Mu roman inaonekana kama ukatili wa wazee wenye roho ngumu. Kweli ni kama inaumiza, hatutaficha. Mama asiyeweza kupokea kitu ku mkono wa mtoto wake anaumia, na mtoto anaumia kupita. Kuko watu waliotoka Waamish wanaosema kama waliteswa nayo, na wako na haki ya kusema. Lakini roman nyingi zinasahau kanuni mbili. Inamgusa yule tu aliyebatizwa kwa kutaka kwake, akiwa mtu mkubwa, mbele ya mashahidi. Kijana asiyebatizwa akienda zake, hatengwi kwa namna hiyo. Na mlango haufungwi: anayetubu anapokelewa. Ku desturi zetu vilevile, mtu aliyekula kiapo mbele ya ukoo na akakivunja hakuachwa kukaa mezani kama hakuna kitu kilichotokea. Unaweza kukataa sheria hiyo. Sisi wenyewe hatukubaliane sote juu yake. Lakini ukiisimulia bila kiapo kilichoizaa, unasimulia uongo, hata kama kila kigari na kila sahani ya viazi iko mahali pake.

Kuko mfano mmoja unaosema kupita maneno yetu. Tarehe 2 Oktoba 2006, mwanaume mmoja, asiye Mwaamish, aliingia mu shule ndogo ya Waamish ya Nickel Mines, Pennsylvania. Alipiga wasichana kumi risasi, watano wakafa, na akajiua. Siku ileile Waamish walikwenda ku jamaa ya muuaji kuwafariji, na nyuma ya siku chache wengine walisimama ku maziko yake. Dunia ilishangaa. Watu waliulizana: ni nani aliyetoa uamuzi huo? Jibu ni kama hakuna mtu mmoja aliyeutoa. Ulitoka mu miaka mia nne ya kusimulia wafiadini wao, ya kuomba Baba Yetu kila siku, ya kumfundisha mtoto kujishusha. Ilikuwa desturi iliyotembea kwa miguu.

Na filamu iliyotolewa mwaka 2010 juu ya msiba huo ilifanya nini? Ilibuni mama mmoja, asiyekuwapo, anayeshindwa kusamehe na anataka kuacha jamaa yake. Juu hadithi ya soko haijui kufanya kazi bila mtu mmoja anayepigana na wote. Tunaelewa kama mama anaweza kushindwa kusamehe. Ni moyo wa mtu, na Waamish wenyewe wanasema kama msamaha unaanza upya kila asubuhi. Lakini jambo la ajabu lilikuwa upande mwingine, kwa wale waliokwenda. Filamu ilikuwa na mlima mbele yake, ikaenda kupiga picha ya jiwe.

5. Wanaotupinga

Tunajua watatujibu. Tusikilize.

Watasema: "Vitabu hivi ni safi. Mabinti wetu wasome hivi kuliko yale ya uchafu." Tunakubali kama ni safi kwa maneno. Lakini usafi siyo paka kutovua nguo. Kuko uchafu wa kusema uongo juu ya mwenzako kwa sauti tamu, na huo hauonekani kwa macho ya mzazi anayefungua kitabu akitafuta matusi tu. Tena binti anayesoma vitabu kumi ambamo kila mara bibi na mjomba wanasimama mu njia ya furaha atajifunza nini juu ya bibi yake na mjomba wake?

Watasema: "Waamish wenyewe wanavisoma." Kweli, kuko wanawake Waamish wanaosoma roman hizi, na wengine wanacheka makosa yaliyomo. Hata sisi tulicheka tukiona wenyewe tulivyochorwa mu Tintin, ile ya Kongo iliyotokea kwa mara ya kwanza 1930 na 1931. Kucheka siyo kutia sahihi.

Watasema: "Waandishi wengine wanatafiti, wanakaa na Waamish, wanaomba ruhusa." Ni kweli, na tunawapongeza. Hatusemi kama mtu wa inje hana ruhusa ya kuandika. Mgeni anaweza kuona kitu ambacho mwenyeji amezoea mpaka hakioni. Tunasema mgeni aulize, angoje, na akubali kama hadithi nyingine hazitamwingia mu mfuko. Na watu wasiseme kama Waamish hawajui kuandika. Kule Aylmer, mu Kanada, nyumba yao ya uchapaji, Pathway, inatoa vitabu na magazeti yao tangu miaka ya 1960. Linda Byler, Mwaamish kabisa, anaandika riwaya za wasichana wa kwao. Hapo desturi iko kama hewa ndani ya nyumba: watu wanapumua, wanagombana, wanapendana, wanaosha vyombo. Mambo kama hayo yanakosa mbio ya soko, lakini yako na kitu ambacho roman kumi za jalada zuri hazina: mtu hashangai kofia yake mwenyewe.

Watasema mwisho: "Lakini ni hadithi tu." Hapo njo tunarudi nyumbani, juu kwetu neno hilo "hadithi tu" limelipwa na damu.

6. Kwetu: rangi nyeusi na rangi nyeupe

Mu miji yetu, roman ya Kikristo tunaiona zaidi kwa masikio na macho kuliko kwa karatasi: mchezo wa kanisani, filamu ya nyumbani, ushuhuda unaosimuliwa kama filamu. Mapendo yako, mashaka yako, sala ziko. Na mulozi ni nani? Karibu kila mara ni koko wa kijijini, mwenye macho mekundu na kitambaa cha zamani. Ao ni mtoto yatima aliyepewa mkate usiku. Kijiji ni mahali pa giza. Mji na kanisa jipya ni mahali pa mwangaza. Mume mzuri ni yule asiyefuata wajomba. Desturi ni ukuta, kila siku ukuta.

Na mtu anayetazama hadithi hiyo mara mia anarudi nyumbani na kumtazama koko wake kwa macho mengine. Watoto wangapi mu inchi hii walitupwa barabarani kwa shitaka la ulozi? Wamama wazee wangapi walikimbia nyumba zao? Jambo lilikuwa kubwa mpaka sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, iliweka azabu kwa mtu anayemshitaki mtoto ulozi. Hatusemi kama hadithi peke yake ilifanya hayo. Umaskini uko, vita iko, kifo kisichoelezwa kiko. Lakini hadithi njo iliyoonyesha watu uso wa kushitakiwa. Umaskini hauna uso. Koko iko nao.

Sasa msomaji mwenye akili ataona kama Waamish walipakwa nyeupe na koko wetu alipakwa nyeusi, na atasema hayo ni mambo mawili. Sisi tunasema ni kopo mbili za rangi ku mkono wa mchoraji mmoja. Wote wawili wamenyimwa kitu kilekile: kuwa watu wenye sababu. Yule wa rangi nyeupe ni wa kutamaniwa, yule wa rangi nyeusi ni wa kuogopwa, na hakuna mmoja anayeulizwa: "Kwa nini munafanya hivi?"

Na vyama vya utamaduni vijiangalie. Hatari ya rangi nyeupe iko karibu kabisa na watu kama sisi. Ni rahisi kuandika kijiji cha asali, ambamo wazee wote walikuwa na hekima, mahari haikuleta ugomvi, na mjane hakunyang'anywa shamba. Kijiji kile hakikuwapo. Mtu anayekipenda anapenda jalada. Heshima ya kweli kwa desturi ni kuisimulia na deni zake: ilimlinda nani, ilimwacha nani inje, wazee waligombana juu ya nini, na ilibadilika ginsi gani.

7. Basi tufanye nini?

Hatuombi mtu achome kitabu. Tunaomba vijana wetu wanaotaka kuandika hadithi za Kikristo waandike kwa wingi, za mapendo, za mashaka, za historia, na waandike wakiwa wamekaa ndani ya nyumba. Wala wasiseme kama kwetu hakuna vitu vya kuandika.

Wanataka mashaka? Mwaka 1956, mu inchi ya Wanyanga, Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12, na kitabu chake kilitoka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na mwana wa inchi Kahombo Mateene. Baba anataka kumwua mtoto wake, mtoto anafungiwa mu ngoma na kutupwa mu mto, shangazi anampokea, anamfuata baba mpaka chini ya ardhi. Roho inashikwa toka mwanzo hata mwisho. Na mwisho wake? Mwindo hamwui baba. Wanapatana, wanagawana utawala. Na yeye mwenyewe, shujaa mwenye kujisifu, anapandishwa juu mbinguni na Nkuba, anaonjeshwa baridi na jua kwa mwaka mzima, mpaka anajifunza kunyamaza. Hapo desturi ni shule inayomtengeneza shujaa, wala siyo ukuta wa kurukwa. Wazee wa Nickel Mines wangeelewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Wanataka historia na imani? Anuarite Nengapeta, mtawa wa Jamaa Takatifu, aliuawa kule Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akimsamehe muuaji wake, na mwaka 1985 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri. Mbele yake, mwaka 1909, Isidore Bakanja alikufa kwa mapigo juu alikataa kuvua skapulari yake. Ni nani ameandika nyumba walimotoka hao, chakula walichokula, lugha waliyoombea, mambo ya kwao yaliyowafundisha kusimama? Msamaha wa Anuarite haukushuka kama mvua juu ya jiwe tupu. Ulikuta udongo. Kuandika udongo huo, njo kazi.

Na wanataka mapendo? Waandike ndoa za kwetu kama zilivyo: wajomba wanaokula mahari na wajomba wanaokesha kupatanisha watu, binti anayekataa mchumba, na shangazi anayemsimamia mbele ya ukoo mzima kwa mezali moja tu. Huko kuko mapendo ya kutosha kwa maktaba nzima.

Tunawaachia maulizo matatu. Mtu mwenye kuandika juu ya desturi, yake ao ya mwingine, ajiulize mbele ya kushika kalamu. Je, mwenye desturi hii akisoma, atajitambua, hata kama atakasirika? Je, nimeandika sababu ya kanuni, ao kanuni peke yake? Je, mu hadithi yangu kuko mtu mmoja mwema na mwenye akili aliyechagua kubaki?

Ulizo la tatu njo tunaloshika kwa nguvu kupita yote. Roman za kofia nyeupe zimejaa watu wanaotamani kutoka, na filamu zetu zimejaa watu waliotoroka. Wale waliobaki wakijua sababu ya kubaki, kule Pennsylvania na huku kwetu, wangali wanangojea mtu wa kuwaandika. Wasingoje mgeni. Kalamu iko, karatasi iko, na wazee wanaojua mezali bado wako wachache. Twende tukawaulize leo.